Kuku wa Nyumba Hii Nachinja Mimi

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko, na lifti zako zinapanda na kushuka salama? Sisi tu wazima. Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua asubuhi, macho ni yale yale, lakini masikio yake bado makali, hata kijiko kikianguka kwa jirani anakusimulia. Naandika kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hugombana kabla salamu hazijaisha, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Nimeanza kuchinja kuku mwenyewe.

Kaa chini kwanza. Tangu Baba afariki tulikuwa tunamwita Kinyozi, huyu jirani wa ukuta mmoja, aje atuchinjie. Ni mtu mwema, hana baya na mtu, lakini kwa kuku hana huruma kabisa. Anamtoa bandani mchana kweupe, anamning'iniza kichwa chini huku anapiga soga, kisu anakinoa mbele ya macho ya kuku mwenyewe, anakata kama anakata kamba, kisha anamtupa uani arukeruke. Mara ya mwisho yule kuku alikimbilia chini ya tangi la maji na shingo inaning'inia. Watoto wa mtaa walicheka mpaka wakashika matumbo, na Kinyozi naye akacheka. Mama alikuwa amekaa barazani. Hakuona, lakini alisikia yote, na alilia. Alisema, "Baba yenu hakuwahi kunisikilizisha kitu kama hiki." Nyama ile haikupita kooni. Niliifukia nyuma ya banda.

Baba alivyokuwa akifanya unajua, na unajua aliyekuwa akimshikia kuku ni mimi, maana wewe ukiliona beseni tu ulikuwa unakumbuka umetumwa dukani. Basi nafanya vile vile. Jioni namtenga kuku chini ya tenga, peke yake, na maji tu. Kisu nakinoa chumbani kwangu, nakijaribu kwenye karatasi. Alfajiri, kabla wenzake hawajashuka, namchukua kwa mikono miwili na kumkumbatia. Moyo wake unausikia unakwenda mbio, halafu unapungua, unapungua. Namfunika macho kwa kitambaa. Kisha namwingiza kwenye lile dumu la mafuta ya kupikia ambalo Baba alilikata juu na chini akalipigilia ukutani. Kichwa kinatokea chini, mabawa yamebanwa, hana pa kujipigapiga. Nakata mara moja tu. Namshika mpaka atulie kabisa, simwachi hata kidogo.

Mara ya kwanza nilijikaza mpaka nikamaliza. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia, nikanawa, nikaenda kazini. Pale kliniki ya meno nashinda mapokezi nikiwabembeleza watu wazima wenye ndevu wasikimbie kiti, na daktari huificha sindano nyuma ya mgongo mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo usije ukaniambia sina moyo.

Jibu upesi. Mama anasubiri kusomewa.

Mdogo wako

21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ameamkaje? Mpake ile dawa ya goti hata akikataa. Mimi mzima, ila usingizi ni wa wasiwasi. Chumba changu kipo juu ya duka la dobi, na mashine zake zikianza kukamua nguo kitanda kinasogea chenyewe mpaka mlangoni. Barua yako nimeisoma nikiwa ndani ya lifti iliyokwama katikati ya ghorofa, huku mwenye jengo ananipigia kelele kutoka chini, nami namjibu, "Bado naikagua!"

Hilo la kuku nimelielewa, na pole kwa Mama. Lakini simama kwanza, kuna jambo. Baba wa mchumba wangu, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anataka kuja kuona kwetu Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, kabla hatujapanga siku ya ndoa. Atakuja na binti yake. Mimi sitapata ruhusa, kuna jengo tunakabidhi mwezi huo. Sasa, mzee yule hali kuku aliyechinjwa na mwanamke. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo alivyolea. Nilipokuwa nawasifia kuku wa kwetu aliniuliza nani huchinja. Nikajikuta nimesema ni mimi, na nisipokuwepo ni jirani.

Usicheke.

Mwite Kinyozi kwa siku hiyo moja. Firigisi mwekee mzee. Akishaondoka chinja hata ng'ombe, sitasema neno. Nampenda sana msichana huyu, na baba yake akisema hapana, sioni nitapitia wapi. Nakuomba.

Kaka yako

5 Machi

Kaka,

Shikamoo, ingawa ya leo naitoa kwa shingo upande. Mama hajambo, anapakwa dawa na kulalamika kama kawaida. Natumaini nawe u mzima na kitanda kimerudi mahali pake.

Eti wewe! Wewe ndiye mchinjaji wa nyumba hii! Nilipofika hapo Mama alicheka mpaka akapaliwa na chai. Amenikumbusha siku Baba alipokukabidhi kisu, ukamwachia jogoo na kisu pia, jogoo akapanda juu ya bati la Kinyozi, na wewe tukakuona tena saa ya kula.

Haya, nisikilize. Wageni wako ni wageni wangu. Nitafua mapazia, nitaazima viti, nitampaka mzee mafuta kwa maneno matamu mpaka ateleze. Lakini Kinyozi hagusi kuku wa nyumba hii. Nimeshamwambia na hakununa. Alisema afadhali, damu ilikuwa inamharibia makoti. Kuku hawa nimewalea tangu wanaanguliwa, mwingine nilimlisha kwa kidole. Siwezi kumlea kiumbe hivyo, halafu siku yake ya mwisho nimkabidhi kwa mtu atakayemfanya mchezo wa watoto, kisa mgeni ashibe na roho yake itulie. Hilo simfanyii mkwe, simfanyii hata rais.

Chagua wewe. Nichinje mimi, au wale maharage. Tena maharage nayajua. Ila nikichinja na mzee akauliza, nitamjibu kabla hajatia kitu mdomoni. Sitasimama mlangoni na tarumbeta, lakini kumlisha mtu asichokitaka kwa kumdanganya, hapana. Yeye ana haki ya kutokula, nami nina haki ya kuchinja. Wewe peke yako ndiye unataka kila mtu akose chake.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo? Mimi sijambo.

Nimechoka na ubishi wako. Mtu anasafiri siku nzima kuja kuona watu anaowaozesha binti yake, umtengee maharage huku kuku wanapita mlangoni? Ataniona mimi nani? Baba hayupo, na mkubwa wa nyumba hiyo ni mimi, hata nikiwa mbali. Nimemwandikia Kinyozi mwenyewe. Atakuja asubuhi ya Jumamosi ile, nawe umpishe. Wewe kazi yako ni kupika, kukaribisha na kunyamaza.

Ukinikaidi usiniandikie tena. Nasema kweli, wala si hasira tu.

Kaka yako

9 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mama hajambo, amekaa hapa pembeni yangu na anasema niandike taratibu nisiruke kitu.

Uliniambia nikikukaidi nisikuandikie. Nimekukaidi, na barua ndiyo hii.

Kinyozi alikuja alfajiri na barua yako mfukoni. Alinikuta nimeshamaliza, nanyonyoa. Nilikuwa nimemchinja Mwenyekiti, yule jogoo mwekundu aliyekuwa anawapiga wenzake na kuwazuia wasile. Kinyozi akaangalia beseni, akaangalia dumu, akajikalia kwenye ndoo akasema, "Kaka yako ataniua mimi." Nikampa chai. Alikunywa, akanisaidia kupanga viti, akaenda kufungua saluni yake. Hivyo ndivyo amri yako ilivyotekelezwa.

Wageni walifika mchana. Mkwe wako ni mtu wa heshima, simsemi vibaya. Alimwamkia Mama vizuri, kisha akazunguka sebule akigonga kuta kwa vifundo vya vidole asikie kama saruji ilitosha. Mchumba wako mpole, mwenye maneno machache, na vidole vyake vina makovu madogo madogo. Nilipomuuliza alisema ni vioo. Yeye ndiye anayekata vioo vya madirisha pale dukani kwao. Nilimpenda palepale.

Nikatenga chakula. Kuku, wali, na maharage, maana maharage nilipika pia, kwa ajili yake mzee. Akanawa, akasifu harufu, mkono ukawa unaelekea bakulini. Kabla haujafika akauliza, "Kamchinja yule jirani?"

Kaka, hapo kunyamaza kungekuwa rahisi. Kichwa kingetikisika tu, basi. Nilikufikiria wewe, nakuapia. Halafu nikasema, "Hapana, Mzee. Nimechinja mimi. Najua kwenu hailiwi, ndiyo maana nimekupikia na maharage."

Mkono ukarudi. Mama ndiye aliyesema kwanza. "Kachinja huyu. Mimi nilikaa barazani tangu alfajiri, na mimi hata paka akitembea ukutani namsikia. Sikusikia kitu."

Mzee akajibu kwa upole, "Sikuja kugombana, mama. Ila niliambiwa vingine."

Nikamwambia, "Aliyekuambia si mwongo wa kila siku, Mzee. Anakuogopa tu." Nilikutetea hapo, ujue.

Ndipo mchumba wako akavuta bakuli karibu. Akaichukua firigisi, ile ile uliyosema ya baba yake, akaitia mdomoni, akatafuna huku anamtazama mzee usoni. "Mwanangu," mzee akasema. Naye akameza kwanza, ndipo akajibu: "Baba, vioo vya dukani nakata mimi. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha." Akachukua na paja.

Mzee alikula maharage, tena aliongeza. Lakini waliondoka mapema kuliko walivyopanga. Aliniaga kwa mkono, akamshukuru Mama, na hakusema nasi tukaribie kwao. Hilo nimeliona, wala sitakuficha.

Sijui nimekuharibia kiasi gani. Najua inakuuma, na inaniuma mimi pia. Lakini ingekuwa leo tena, ningechinja tena.

Mdogo wako

2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa Mama ana neno moja tu siku hizi: "Imekuja?" Mpeleka barua akikohoa mwisho wa mtaa yeye ameshasimama.

Hujibu barua, simu yako inaita mpaka inachoka. Sawa. Uliahidi, na umetimiza. Mimi nilifikiri ungeshindwa.

Sikuandikii kuomba radhi. Nakuandikia kukuambia kwamba kukukosa kunaniuma kila siku, hata kazini, na kwamba bado kuku wa nyumba hii nachinja mimi. Wiki iliyopita mama mmoja wa mtaa wa pili alileta kuku wake nimchinjie. Alimbeba kwenye kikapu amemfunika kitambaa, kwa sababu amesikia hapa kuku hawatupwi uani warukeruke. Nilitamani nikupigie simu nikuchekeshe.

Ukinikasirikia, kasirika. Mama umwandikie.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama nipo, mzima, nala vizuri. Mpe pole kwa kusubiri.

Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naandika matusi, nikachana. Mzee alisimamisha mazungumzo yote tangu mwezi wa nne. Dukani kwake nikifika ananihudumia kama mteja, ananipimia misumari na kunitakia siku njema. Mchumba wangu tunaonana, lakini hataki kutoroka wala mimi sitaki kumtorosha.

Sasa kuna mwanga. Mzee amesema atafungua mlango kwa jambo moja. Uandike barua, uombe radhi kwa kumtengea chakula kile, useme ulikosea na hutarudia kuchinja, awepo mgeni au asiwepo. Mstari mmoja tu, mdogo wangu. Nani atakuja kukuchungulia uani? Andika, halafu fanya unavyotaka. Nitaisoma mbele yake na ndugu zake, mambo yaishe, nioe.

Sikuamrishi safari hii. Nakusihi.

Kaka yako

1 Julai

Kaka,

Shikamoo, tena ya moyo mzima. Mama alipoisikia sauti yako kwenye karatasi aliomba chai yenye sukari nyingi. Hajambo. Sote hatujambo.

Barua uliyoomba ndiyo hii, isome kwa mzee ukitaka.

Mzee, nakusalimu kwa heshima. Nilikukaribisha kwa roho safi, na sikukulisha kitu kwa kificho. Kama nilikukosea kwa neno au kwa sauti, hilo naomba radhi bila kusukumwa. Lakini kuchinja sikukosea. Jogoo yule alilelewa kwa upole na akaondoka kwa upole, na mkono uliofanya hivyo ni wangu. Siombi radhi kwa sababu kuku hakuteseka. Siwezi kusema sitarudia, maana nimesharudia na keshokutwa narudia. Ukija tena nitakupikia maharage tena, na nitafurahi ukiongeza.

Na wewe Kaka. Unaniambia niandike uongo kwa sababu hakuna atakayechungulia uani. Mimi nitakuwepo uani. Kila alfajiri nikimshika kuku nitajua kuna karatasi mahali fulani inasema kazi hii ni ya aibu, na sahihi yake ni yangu. Sitaki. Umeogopa kisu tangu utoto na sijawahi kukulaumu, watu hatufanani. Lakini kuogopa mpaka unataka nami nijifiche na wewe, hiyo imezidi.

Kama ndoa yako itavunjika kwa hili, nitalia nawe, na nitakuja huko kukupikia. Ila sitaandika mstari ule. Nakupenda, na nakukatalia. Yote mawili yaandike mahali pamoja.

Mdogo wako

3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu nyingi kwa Mama. Mimi mzima. Msomee hii taratibu.

Jumapili nilikwenda kwao, sebuleni juu ya duka. Mzee alikuwa amewaita kaka zake wawili, chai imeshamiminwa. Mchumba wangu alikuwa amekaa karibu na mlango. Mzee akauliza, "Umeleta?" Nikasema nimeleta. Nitakueleza ukweli: nilikuwa nimepanga kusoma kwa kurukaruka. Nichukue salamu zako za mwanzo, nichukue ule mstari wa neno na sauti, katikati nitunge langu.

Nikaanza hivyo, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Mzee alishaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu macho yangu yakaangukia pale uliposema utakuwepo uani, na nikashindwa kuendelea. Wakadhani nimepaliwa. Mmoja wa kaka zake mzee akanisogezea maji.

Sikuyanywa. Nikawaambia samahani, nimesoma vibaya, naanza upya. Nikasoma yote, neno kwa neno, na ile ya maharage, na ile kwamba naogopa kisu tangu utoto. Nikaikunja. Kisha nikasema la kwangu, kwamba mimi sijachinja kuku hata mmoja maishani mwangu, kwamba kwetu alichinja Baba na sasa anachinja dada yangu, na kwamba anayemwona dada yangu ana kosa la kuomba radhi basi na mimi ananiona hivyo hivyo.

Mzee hakupaza sauti. Alisema, "Basi maneno yetu yameishia hapo," akaweka kikombe chake chini. Kaka zake wakatazama sakafu. Nilisimama niage, nikijua nimepoteza, na sikujutia.

Mchumba wangu naye akasimama. Aliniuliza mimi, mbele yao wote, basi la kwenda kwetu linaondoka saa ngapi.

Tunafika Jumamosi mchana, watu wawili. Siku ya ndoa tutaipanga na Mama hapo hapo nyumbani, na mzee tutamwalika. Asipokuja tutaifunga hivyo hivyo. Leo nilipokwenda kumchukua mchumba wangu, mzee alikataa kutuaga. Binti yake alimbusu mkono, akachukua begi lake, na mpaka tunafika chini mlango wa juu ulikuwa bado wazi.

Mwambie Mama.

Kaka yako